Boardwalk Empire au Peaky Blinders: ipi imfae anayependa kuchambua nia za wahusika

Mtu akiuliza atazame tamthilia gani ya majambazi wa zamani, mara nyingi atatajiwa hizi mbili kwa mkupuo mmoja, kana kwamba ni pacha. Kwa sura zinafanana kweli. Zote zinaanza mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, zote zina askari aliyerudi nyumbani mzima wa mwili na mgonjwa wa roho, na zote zinachanganya wahusika wa kubuni na watu waliopata kuishi. Hata mwigizaji Stephen Graham yumo katika zote mbili: katika ile ya Marekani ni Al Capone, na katika ile ya Uingereza anajitokeza msimu wa sita akiwa Hayden Stagg, kiongozi wa wafanyakazi wa bandari. Hata hivyo, ukiketi na mashabiki wa kila upande wanapobishana, utagundua kwamba hawabishanii jambo moja. Wa Boardwalk Empire huuliza kwa nini fulani alitenda alivyotenda. Wa Peaky Blinders huuliza fulani alikuwa anapanga nini. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti inayopaswa kumwongoza mtu anapochagua, kuliko mavazi, mandhari au wingi wa risasi.

Yale ya kawaida yanaweza kumalizwa haraka. Boardwalk Empire ilioneshwa na HBO kuanzia 2010 hadi 2014, misimu 5 yenye sehemu 56, kila moja ikikaribia saa nzima. Mwasisi wake, Terence Winter, alikuwa mmoja wa waandishi wa The Sopranos, na sehemu ya kwanza iliongozwa na Martin Scorsese. Peaky Blinders, kazi ya Steven Knight, ilianza BBC mwaka 2013 ikafungwa 2022, misimu 6 ya sehemu sita sita, jumla 36. Asiye na muda mwingi anaweza kuamua kwa hesabu hiyo peke yake. Zote mbili zina umwagaji damu usiofaa kutazamwa mbele ya watoto, na ile ya Marekani inaongeza utupu na uhusiano wa kifamilia unaotia kinyaa. Lafudhi ya Birmingham katika ile ya Uingereza ni nzito kiasi kwamba hata anayekijua Kiingereza vizuri atahitaji maandishi chini ya picha.

Asiyetaka kujua nani anakufa na kwa mkono wa nani aishie hapa, kwa sababu nia ya mhusika haipimwi pasipo kutaja matendo yake, na matendo makubwa ya watu hawa ni mauaji.

Tuanze na Atlantic City, katika jimbo la New Jersey, Januari 1920, marufuku ya pombe inapoanza kutekelezwa Marekani nzima. Enoch Thompson, anayeitwa Nucky na kuigizwa na Steve Buscemi, ni mweka hazina wa kaunti na ndiye mwenye mji. Karibu kabisa na mwanzo tunamwona akiwahutubia akina mama wanaopinga ulevi. Anawasimulia jinsi alivyoikoa familia yake na njaa katika theluji kubwa ya 1888 kwa kuwakamata panya, na wasikilizaji wanafuta machozi. Akitoka nje, anamweleza kijana wake Jimmy Darmody kwamba hadithi tamu haifai kuharibiwa na ukweli. Mtazamaji anaweza kucheka na kupita, lakini hapo ameshapewa ufunguo wa tamthilia nzima: maelezo ya Nucky kuhusu Nucky hayaaminiki. Shughuli zake tunazijua siku zote, nani anauziwa pombe, nani anahongwa, nani anadaiwa. Moyo wake ndio uliofungwa, na waandishi hawaufungui hadi msimu wa mwisho.

Kwa sababu hiyo, mabishano makubwa zaidi kuhusu tamthilia hii yanahusu usiku mmoja tu, mwishoni mwa msimu wa pili. Jimmy, aliyeacha masomo Princeton akaenda vitani Ufaransa, amelelewa na Nucky kama mwana. Baadaye amemsaliti, akishirikiana na baba yake mzazi, anayeitwa Commodore, na Eli, ndugu wa damu wa Nucky. Njama imefika hadi jaribio la kumuua Nucky, ambaye risasi imempata mkononi. Kisha njama inasambaratika, Jimmy anatubu na kujaribu kurekebisha alichoharibu, na usiku wa mvua anaitwa kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita. Anamwambia rafiki yake Richard Harrow asimfuate. Anakwenda bila silaha. Anajua. Anamwambia Nucky kwamba yeye alikwisha kufa zamani katika mahandaki ya vita, na hata anaanza kumfundisha namna ya kuvumilia siku zitakazofuata baada ya kuua kwa mkono wake mwenyewe, kama mkubwa anayemfundisha mdogo. Nucky anamjibu kwamba hatafuti kusamehewa, naye anampiga risasi usoni.

Swali linalozua ugomvi ni hili: kwa nini Jimmy afe na Eli asamehewe? Katika kikao cha wala njama, Eli ndiye aliyeshinikiza Nucky auawe, na Jimmy alikubali kwa shingo upande. Bado Eli anaambiwa akubali mashtaka, atumikie kifungo, kisha yaishe. Wengi hujibu kwamba damu ni nzito kuliko maji. Jibu hilo ni rahisi mno, kwani Nucky hajawahi kuonekana akiiheshimu damu pale inapomgharimu. Wengine husema alitaka kuonesha kwamba si jambazi nusu tena, jambo ambalo Jimmy mwenyewe alimshutumu nalo katika sehemu ya kwanza kabisa. Hilo lina uzito zaidi. Rafiki yangu mmoja, ambaye tumebishana naye juu ya usiku huo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa watu wazima, anashikilia kwamba ni hasira tu, na kwamba sisi wengine tunamtafutia muuaji falsafa asiyo nayo.

Mimi nina maelezo mengine, na nilihitaji kumaliza misimu yote mitano ili niyaamini. Nucky ni mtu wa kubadilishana. Kila anayeingia ofisini mwake anatoka na alichokuja kutafuta, naye anabaki akidai. Eli anataka kuishi, kwa hiyo ana bei. Jimmy amekuja mvuani bila bunduki na bila kutaka chochote, na kwa mtu kama Nucky hakuna anayetisha kama asiyetaka kitu. Msimu wa tano unaongeza jambo lililo baya zaidi. Unatupeleka 1931, huku ukirudi nyuma hadi utoto na ujana wa Nucky, na hapo tunaoneshwa jinsi alivyopata cheo chake cha kwanza kikubwa. Akiwa askari mdogo asiye na mbele wala nyuma, alimshawishi mtoto wa kike aliyekuwa yatima aende nyumbani kwa Commodore, akijua fika kinachomngoja huko, na malipo yake yakawa beji ya usherifu. Mtoto yule ni Gillian. Jimmy ndiye matunda ya usiku ule. Kwa hiyo aliyesimama mvuani miaka mingi baadaye hakuwa msaliti tu. Alikuwa ushahidi unaotembea. Hapo tena ndipo mauaji ya Nucky mwenyewe, kwa risasi za Tommy, mwana wa Jimmy, yanapopata maana ambayo mtazamaji wa haraka huiona kama kisasi cha kawaida.

Tazama jinsi tamthilia hii inavyomdai mtazamaji subira: swali linaulizwa 2011, jibu linatolewa 2014. Wapo walioona huo ni ujeuri wa waandishi, nami siwalaumu.

Wahusika wengine wamefinyangwa kwa mkono huohuo. Margaret, mjane aliyeingia nyumbani kwa Nucky akitafuta usalama wa watoto, anaolewa naye wakati kesi inamkabili, na mke hawezi kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Nucky, akihofia kunyang'anywa mali, amemwandikisha ardhi ambayo barabara kuu inatarajiwa kupita. Baada ya hatari kwisha, tunamwona Margaret mezani, kalamu mkononi, akiisaini ardhi yote kwa Kanisa. Je, ni toba, baada ya binti yake kupooza kwa polio na yeye kuamini kwamba ni adhabu ya Mungu? Au ni kumlipa mume asiyemwamini tena? Kamera inaonesha saini, na uso hauelezi kitu. Chalky White, kiongozi wa Wamarekani weusi wa mji ule, anapewa dakika chache tu katika msimu wa kwanza: mbele ya kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, aliyefungwa kwenye kiti, anasimulia habari za baba yake, fundi seremala hodari aliyenyongwa na wazungu, kisha anafungua mkoba na kupanga zana za marehemu, moja baada ya nyingine. Baada ya hapo hakuna anayehitaji kuelezwa Chalky ni nani.

Historia nayo inaisukuma tamthilia hii kwenye swali la "kwa nini". Anayejua kidogo tu anajua kwamba Arnold Rothstein, mcheza kamari wa New York, alipigwa risasi Novemba 1928, kwamba Capone alihukumiwa 1931 kifungo cha miaka 11 kwa kukwepa kodi, na kwamba Lucky Luciano, bosi wa mafia, aliishi hadi 1962. Waandishi hawakuthubutu kuyagusa hayo. Wamejiachia uhuru kwa Nucky peke yake, na hata jina la ukoo wamembadilishia: Enoch Johnson halisi alifungwa 1941 kwa kosa lilelile la kodi, akatoka 1945, akafa mwaka 1968 akiwa mzee. Mahali ambapo mwisho unajulikana, kilichobaki kubishaniwa ni sababu.

Sasa tuvuke bahari. Birmingham, 1919, mtaa wa Small Heath. Thomas Shelby, anayeigizwa na Cillian Murphy, anaingia akiwa juu ya farasi, watu wanakimbia, na msichana anampulizia farasi yule unga mwekundu usoni. Inaonekana ni uganga. Baadaye kidogo kaka yake Arthur anapandisha hasira, ndipo tunapofahamu: Thomas haamini unga wowote. Anataka mtaa uamini, watu wabeti, farasi ashinde mara ya kwanza na ya pili, dau lipande, kisha siku ya tatu ashindwe na fedha zibaki kwa familia. Hapa pia tamthilia inajitambulisha mapema, lakini kwa njia iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Jeraha la Thomas tunalijua tangu siku ya kwanza, kwa maana usiku anasikia sululu upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mchimba mahandaki chini ya ardhi ya Ufaransa, alifukiwa na wenzake wakisubiri kufa, na tangu pale kila siku anaihesabu kuwa nyongeza. Moyo uko wazi. Kinachofichwa ni mpango.

Kwa hiyo mashabiki wake wanabishana kama wacheza bao wanaojaribu kusoma kete za mwenzao. Kwa nini alizibakiza zile bunduki zilizoibwa kwa makosa katika kiwanda cha silaha cha BSA, badala ya kuzitupa kama shangazi yake Polly alivyomshauri? Kwa nini hamuui Alfie Solomons, kiongozi wa genge la Wayahudi wa London, anayemsaliti kila inapomfaa? Mabishano hayo ni matamu, lakini mengi yana tarehe ya mwisho: ikifika sehemu ya sita ya msimu, Thomas anaeleza, na mjadala unafungwa.

Yapo matukio machache ambayo maelezo yake hayatoshi, na hayo ndiyo yaliyonifanya niendelee. Mwisho wa msimu wa tatu, familia imekusanyika, fedha ziko mezani, kila mtu anapewa fungu lake, na Arthur yuko tayari kuanza maisha mapya ng'ambo na mkewe. Hapo Thomas anawaambia kwamba polisi wako njiani kuwakamata wote isipokuwa yeye, na kwamba amekwisha kupatana na watu wenye nguvu kuliko adui zao. Msimu wa nne unafungukia kwenye kamba za kunyongea, zimekwisha kuvishwa shingoni, ndipo msamaha unapofika. Kimahesabu, mpango ulifaulu. Lakini mtu anayejua kwamba atawaokoa ndugu zake, akawaacha wafike hadi pale pasipo kuwadokeza neno, anawapenda kwa namna gani? Polly, aliyewahi kunyang'anywa watoto wake na serikali, hatoki salama kwenye chumba kile, na Helen McCrory anaigiza mvurugiko huo kiasi cha kumfanya Thomas aonekane mdogo. Kwa bahati mbaya McCrory alifariki Aprili 2021, na msimu wa sita ulilazimika kuendelea bila yeye. Pengo lake halikuzibika.

Jambo la pili ni Oswald Mosley. Thomas, sasa mbunge wa chama cha Labour, anaamua katika msimu wa tano kumuua mwanasiasa huyo mfashisti. Wapo wanaosema kwamba amepata, kwa mara ya kwanza, kitu anachokiamini. Wapo wanaosema anamchukia Mosley kwa sababu ni mtu wa kwanza asiyeweza kumzidi akili. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa nakiri kwamba tamthilia yenyewe inavutia upande wa kwanza. Na hapa ndipo penye lawama yangu kubwa dhidi ya Peaky Blinders. Muziki wa roki wa siku hizi, mwendo wa polepole, moshi na miali ya moto nyuma ya koti refu, vyote vinampigia debe Thomas kabla hajatenda. Mpango ukifaulu, nia husamehewa. Alfie peke yake ndiye anayekataa. Thomas anapomlaumu, katika msimu wa tatu, kwa mkono wake katika kutekwa kwa mwanawe mdogo, Alfie anamuuliza kwa ukali ni baba na wana wangapi aliowaua yeye, hata apate ujasiri wa kuzungumzia mpaka uliovukwa. Mazungumzo yale mafupi yana uchambuzi wa nia kuliko msimu mzima wa nne.

Kuhusu ukweli wa historia, tamthilia ya Uingereza inajipa uhuru mkubwa zaidi. Genge halisi lilivuma miaka ya 1890 na kufifia kabla ya vita. Billy Kimber, anayeuawa kwa risasi ya Thomas mwaka 1919, alifariki 1945. Mosley anahubiri ufashisti 1929, ilhali chama chake cha kifashisti alikiunda 1932. Hayo hayamkeri anayetazama kwa ajili ya mchezo wa akili. Yatamkera yule anayetaka kupima uamuzi wa mhusika dhidi ya wakati wake, kwa sababu wakati wenyewe umesogezwa.

Basi nani achague ipi? Anayetazama na kundi, akapenda kila wiki pawe na kitendawili na jibu lake, aanze na Peaky Blinders. Misimu miwili ya kwanza imebana vizuri, na kisa cha Grace, jasusi wa serikali aliyefiwa na baba kwa mkono wa IRA, wapiganaji wa uhuru wa Ireland, akajikuta anampenda anayempeleleza, kina utata wa kutosha. Alipotoboa siri ya mahali zilipofichwa bunduki, alitaka kwanza ahakikishiwe kwamba Thomas hatadhuriwa, na watu hadi leo hawajakubaliana kama huo ulikuwa usaliti nusu au upendo nusu. Akifika mwanzo wa msimu wa nne na kile kisa cha kamba kisimsumbue, anaweza kuacha hapo bila hasara kubwa.

Anayependa kulala na swali aende Atlantic City. Nampa tahadhari mbili. Ya kwanza, mwendo wa sehemu za mwanzo ni wa kobe, na majina ni mengi. Asikate tamaa kabla hajafika mwisho wa msimu wa pili, maana ndipo atakapojua kama tamthilia ni yake au si yake. Ya pili, asiruke yale matukio ya utoto na ujana wa Nucky katika msimu wa tano akidhani ni kijalizo. Sura ya kwanza ya msimu huo ni sarafu zinazorushwa baharini, huku watoto wakizipigania chini ya maji, mwaka 1884, na Nucky mdogo yumo, hajui bado kupigania. Bila mtoto yule, mauaji ya mvuani yanabaki mauaji tu.

Na mwenye muda wa zote mbili azitazame zikifuatana, ya Marekani kwanza. Nucky anakufa 1931, baada ya kuhangaikia mikataba ya siku ambayo pombe itakuwa halali tena. Msimu wa sita wa Peaky Blinders, karibu na mwanzo wake, unatufikisha katika kisiwa cha Miquelon, karibu na Kanada, tarehe 5 Desemba 1933, siku ambayo marufuku ile ilifutwa, katika hoteli iliyojaa wauza magendo waliokosa kazi ghafla. Thomas Shelby anaingia, na hanywi tena pombe.